Baiskeli ya resi ya kwanza Nyanda za Juu Kusini: namna ya kuchagua gia, breki, tairi na nguo

Muuzaji wa baiskeli za mtumba akitaka kukuvutia, huinua resi kwa vidole viwili ili uone ilivyo nyepesi. Wepesi ni kitu kizuri, lakini kwa anayeanza Mbeya, Iringa au Njombe mimi ningeuweka nafasi ya tano. Kabla yake kuna gia ya kupandia, breki za kushukia, tairi zinazopatikana, na swali ambalo wengi hulisahau: fundi wa mjini kwako anaweza kuitengeneza? Resi ya kilo 11 yenye gia laini itakufikisha juu. Ya kilo 8 yenye gia ngumu utaisukuma kwa mkono huku watoto wa shule wanakupa pole.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua resi ya kwanza, mpya au ya mtumba, kwa barabara zetu za lami. Sitaji bei kwa sababu inapanda na kushuka kila meli ikifika, ila nitasema fungu gani la hela liende wapi.

Hatua ya 1: Jua mlima wako

Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu unapanda kwanza hadi upande wa Isyonje, kisha unaanza kuporomoka: Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, ambako uko chini ya mita 600. Barabara ya Chunya inaanza kupanda karibu tu unapouacha mji. Iringa nako, ukishuka Ipogolo asubuhi ukiwa mzima, jioni lazima uupande ule mlima kurudi mjini ukiwa umechoka. Barabara ya Mafinga ina mawimbi marefu yasiyotisha, na ni mahali pazuri pa kujifunzia mwendo. Kitonga usiende mpaka umezoea. Tatizo la kule ni malori yanayobanana kwenye kona nyembamba, hata kama mapafu yako hayana shida.

Kuna na hewa yenyewe. Kwenye mwinuko wa Mbeya shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Kwa hiyo ushauri wa gia unaopewa na rafiki anayeendesha kati ya Tegeta na Bagamoyo upokee kwa heshima, kisha uuweke kando.

Hatua ya 2: Pima mwili kabla ya kupima mfuko

Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu kikiwa kimepanda juu kabisa, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.66 na utapata makadirio ya urefu wa bomba la siti, yaani saizi ya fremu. Mwenye sentimita 80 anahitaji fremu ya karibu 53. Zidisha kipimo hichohicho kwa 0.883 upate urefu wa siti, ukipimwa kuanzia katikati ya krenki hadi juu ya siti: kwa mtu huyohuyo ni sentimita 70 na nusu hivi.

Makadirio haya yanatosha kuanzia. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua ndogo, kwa sababu siti unaweza kuipandisha lakini fremu ndefu huwezi kuifupisha. Kwenye mitumba utaonyeshwa za 58 na 60 zenye bei tamu, maana wenye miguu mirefu kiasi hicho si wengi. Ziache. Maumivu ya shingo na mgongo yanayofuata hayatibiwi na siti mpya.

Hatua ya 3: Gia, na hapa usikubali haraka

Hesabu meno. Muuzaji akikwambia "ina gia 16" au "gia 20", hajakwambia chochote kuhusu mlima. Idadi ni wingi tu wa hatua. Kinachokupandisha ni uwiano wa meno ya sproketi (gurudumu la meno) ndogo ya mbele na sproketi kubwa kabisa ya nyuma.

Resi nyingi za zamani zina 53 na 39 mbele, na kaseti, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, inayoishia meno 25. Kwenye gia yake laini kuliko zote, mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza baiskeli karibu mita 3.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa taratibu, lazima uwe unakwenda kilomita 12 kwa saa. Kwenye mlima mkali anayeanza hawezi kushikilia kasi hiyo, kwa hiyo atazungusha polepole zaidi, atakanyaga kwa uzito wa mwili, na magoti yatalipa. Sasa chukua yenye 50 na 34 mbele, na kaseti inayofika 32 nyuma. Mzunguko mmoja ni mita 2.3 hivi, na mizunguko ileile 60 inakupeleka kilomita 8 kwa saa. Unapanda huku unapumua, hata salamu za njiani unaitikia.

Kwa hiyo sharti langu kwa Nyanda za Juu ni hili: 34 mbele, 32 au 34 nyuma. Resi zenye sproketi tatu mbele, ndogo ikiwa na meno 30, nazo zinafaa sana. Vijana wa mbio huzidharau, ndiyo maana mara nyingine bei yake huwa nzuri.

Ukipenda baiskeli yenye kaseti ndogo, usikimbilie kusema "nitabadilisha kaseti tu". Tazama kihamisha gia cha nyuma, kile kimkono chenye vigurudumu viwili. Kikiwa kifupi, mara nyingi hakikubali zaidi ya meno 28, na ukilazimisha kitagonga kaseti au mnyororo utalegea. Utahitaji chenye mkono mrefu, na pengine mnyororo mrefu zaidi. Piga hesabu ya vyote vitatu kabla ya kutoa hela.

Majina ya Shimano ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Kampuni hiyo ya Kijapani imekuwapo tangu 1921, na ngazi zake za resi kutoka chini kwenda juu ni Claris, Sora, Tiagra, 105, Ultegra na Dura-Ace. Claris inajulikana kwa gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10. 105 ilikaa miaka kwenye 11 kisha ikahamia 12. Kadiri unavyopanda ngazi, uzito unapungua na kuhama kwa gia kunakuwa kulaini, lakini mnyororo na kaseti vinakuwa vyembamba, ghali na adimu.

Anayeanza huku achukue Claris au Sora. Mnyororo wa gia 8 ni uleule unaotumika kwenye gia 6 na 7 za baiskeli za mlima zilizojaa mitaani, kwa hiyo ukikukatikia Mwanjelwa au Makambako una pa kuanzia kuulizia. Wa gia 12 ukikatika, unasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam au nje kabisa. Gia za umeme zenye betri zinapendeza sana, na kwa sasa mwachie mwenye fundi wake.

Mnyororo wa mtumba upime kwa rula. Viungo kumi kamili, yaani jozi kumi za pana na nyembamba, vikiwa vipya ni milimita 254 kati ya pini na pini. Ukikuta zinakaribia 256, mnyororo umekwisha na huenda umeshakula kaseti. Dai punguzo la vyote viwili.

Hatua ya 4: Breki

Kabla hujapanda baiskeli yoyote ya mtumba, minya mkono wa kulia uone gurudumu gani limeshikwa. Baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza kwa kawaida zina breki ya mbele kulia. Za Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ziko kushoto. Mtu aliyezoea mpangilio mmoja akishuka mteremko wa Iwambi na ule mwingine, mkono utaminya wa mbele kwa mazoea wakati kichwa kinadhani ni wa nyuma. Fundi anaweza kugeuza waya kwa muda mfupi. Chagua mpangilio mmoja, ukae nao maisha.

Breki za rimu zinatosha, mradi rimu ni za aluminiamu na hazijaliwa. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa rimu pale raba inaposuguana: ukihisi bonde, rimu imekonda, na rimu iliyokonda inaweza kupasuka ukiwa kwenye mteremko. Rimu za kaboni zenye breki za raba usizichukue kwa milima hii. Kushuka muda mrefu huku umeminya kunazichemsha, na joto ndilo adui wao. Raba za breki nunua nzuri hata kama baiskeli ni ya bei ya chini. Hapa ndipo hela kidogo inanunua usalama mwingi.

Diski ni bora zaidi kwenye mvua, na ukanda wa Tukuyu unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo mvua utaiona. Diski za waya ndizo ningemshauri mtu wa huku, kwa sababu waya upo na kila fundi anaujua. Za mafuta zinashika vizuri sana, ila jua mafuta yake: Shimano hutumia mafuta ya madini, wakati breki nyingi za kampuni ya SRAM hutumia DOT, yale ya jamii ya breki za magari. Ukiweka DOT kwenye breki ya mafuta ya madini unaharibu mipira ya ndani. Duka la spea za magari litakuuzia DOT kwa moyo mweupe kabisa, na hapo kosa litakuwa lako.

Hatua ya 5: Tairi, na mtego wa "ishirini na nane"

Ukienda dukani ukasema unataka tairi ya resi, utapewa "28". Namba hiyo imeangusha wengi. Tairi ya 28 ya baiskeli za mizigo aina ya Phoenix imeandikwa 28 x 1 1/2, na ubavuni ina namba 635, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. Resi ya kisasa ni 700C, na namba yake ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na kwa macho huioni, lakini tairi ya 635 italegea kwenye rimu ya 622 na kuchomoka ukiipa upepo. Kuna pia resi za zamani za 27 x 1 1/4, ambazo ni 630. Sahau majina, soma namba ndogo ubavuni: 622 au huchukui.

Upana chukua milimita 28 kama fremu na breki vinaruhusu. Fremu nyingi za zamani zinaishia 25. Lazima ibaki nafasi ya milimita nne hivi pande zote. Za 23, ambazo wazee wa mbio walizipenda, kwenye matuta madogomadogo ya kila kijiji cha barabara kuu zitakung'oa meno. Mwenye kilo 70 aweke kama psi 75 kwenye 28, au 85 hadi 90 kwenye 25. Mzito aongeze kidogo, na siku ya mvua wote wapunguze kidogo.

Vali nyingi za resi ni zile nyembamba zenye kijinati kichwani, na pampu ya kijiweni kwa fundi wa pancha haiingii. Nunua vichwa viwili vya shaba vya kugeuzia; kimoja kikae kwenye tyubu, kingine mfukoni. Tyubu za akiba beba mbili. Usitoboe tundu la rimu lipanuke ili vali nene ipite, hata fundi akikuhakikishia kuwa ni kawaida.

Hatua ya 6: Fremu, magurudumu na vingine

Aluminiamu ni chaguo la kawaida na hakuna cha kuogopa. Chuma ni kizito kidogo lakini kinachomeleka. Kaboni ya mtumba ni bahati nasibu, maana ufa unaweza kujificha chini ya rangi. Kwenye fremu yoyote, futa uchafu ukague pale bomba zinapokutana karibu na usukani na karibu na krenki. Jaribu kuzungusha nguzo ya siti, ile inayoingia ndani ya bomba la siti; isipotikisika kabisa imeganda humo, na kuitoa ni kazi.

Magurudumu yawe na spoki 28 au 32 za kawaida, zenye kichwa kilichopinda. Yenye spoki 20 bapa yanavutia picha, ila moja ikikatika Njombe hupati ya kubadilisha. Beringi za krenki zikiwa za kufunga kwa nati ni rafiki wa fundi; zile za kugandamizwa hulia. Na kile kisikio kidogo cha aluminiamu kinachoshika kihamisha gia cha nyuma kinapinda baiskeli ikianguka upande wa kulia. Kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo ukinunua baiskeli mpya mwombe muuzaji kisikio cha akiba palepale.

Pedeli anza na bapa. Viatu vya kunasa kwenye pedeli vije baadaye, na vikija, chukua aina ya SPD yenye kichuma kilichozama kwenye soli ili uweze kutembea kama mtu. Kumbuka pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, kinyume na mazoea. Nyingi zimeharibiwa kwa kusahau hilo.

Hatua ya 7: Nguo

Hapa watu huanzia kwenye jezi yenye rangi. Anzia kwenye bukta yenye pedi. Inavaliwa bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua. Nunua mpya, hata kama vingine vyote ni vya mitumba; pedi iliyokaliwa na mtu mwingine imeshabonyea, na usafi wake huujui. Yenye kanda za mabegani haishuki wala haibani tumbo, ila kujisaidia njiani kunahitaji kuvua jezi kwanza. Pedi nene kama godoro si nzuri zaidi, inakusanya jasho tu. Paka mafuta ya mgando mapajani kwa safari ndefu, na ukirudi fua siku hiyohiyo, uigeuze ndani nje, uianike juani.

Bukta ya kubana haimpendezi kila mtu, na kupita nayo katikati ya kijiji au kuingia nayo kwa mama ntilie kunaweza kukunyima raha. Hakuna ubaya kuvaa kaptula nyepesi au suruali ya mazoezi juu yake. Dada zetu wengi huvaa traki ya kubana yenye pedi na juu yake fulana ndefu au sketi fupi ya michezo. Kinachokatazwa ni nguo pana mguu wa kulia, upande wa mnyororo.

Jezi ndiyo ya kutafuta kwenye mitumba. Mwanjelwa ukiwa na subira unaweza kuokota ya baiskeli yenye mifuko mitatu mgongoni. Usipoipata, fulana yoyote ya michezo isiyo ya pamba inakausha jasho vilevile. Pamba iepuke kwa sababu ya baridi. Juni na Julai asubuhi Mbeya na Njombe huwa chini ya nyuzi 10, unapanda mpaka unalowa jasho, kisha unashuka kwa kilomita 40 kwa saa ukiwa na fulana mbichi kifuani. Hapo ndipo watu hutetemeka mpaka breki haziminyiki.

Dawa yake ni kuvaa kwa tabaka. Hewa hupoa karibu nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo safari ya Uyole hadi Kyela ni safari ya hali ya hewa mbili ndani ya siku moja. Beba mikono ya kuvaa na kuvua, na jaketi jembamba la upepo linalokunjika mfukoni. Wapanda baiskeli wa zamani Ulaya walikuwa wakichomeka gazeti chini ya jezi kabla ya kushuka mlima. Linafanya kazi hadi leo, na gazeti la jana halikosi kwenye kibanda chochote. Glavu za vidole vyote msimu wa baridi si anasa, kwa kuwa vidole ndivyo breki zako. Kuanzia Novemba hadi Aprili ongeza jaketi la mvua, na madigadi kama fremu ina nafasi.

Helmeti usinunue ya mtumba. Ikishagonga chini mara moja, sponji yake ya ndani imeshafanya kazi, na kwa nje unaweza usione kitu. Chukua mpya yenye alama ya kiwango cha usalama cha EN 1078 au CPSC, ikae wima juu ya nyusi, mkanda ubane kiasi cha vidole viwili kupita. Ongeza miwani ya vumbi, kizibao cha rifleta, na taa nyekundu ya nyuma uiwashe hata mchana. Barabara kuu ya Tunduma ina malori usiku na mchana, na ukungu wa asubuhi hauchagui dereva.

Hatua ya 8: Kugawa hela na kutoka

Ukiwa na shilingi kumi, sita au saba ziende kwenye baiskeli, na zinazobaki ziwe za helmeti, bukta, taa, tyubu, pampu, alenki na mafuta ya mnyororo. Anayemaliza zote kwenye baiskeli huishia kuendesha bila helmeti, na kwa hilo sina upole. Mafuta ya mnyororo yakikosekana, oili ya cherehani inafaa ukiipaka mara kwa mara na kufuta inayozidi. Oili chafu ya injini inabeba mchanga wa kusaga kaseti.

Kabla ya safari ya kwanza mpelekee fundi, na mweleze kwa ustaarabu unachotaka: "Fundi, shikamoo. Naomba uniangalizie breki zote mbili, ukaze usukani na siti, na unyooshe magurudumu. Waya zikiwa na kutu, weka mpya." Kisha jaribu breki kwenye tambarare, halafu kilima kidogo, na Iwambi au Ipogolo iwe baadaye. Waya mpya hujivuta ndani ya safari chache za mwanzo, gia zikaanza kurukaruka na breki kulegea. Rudi kwake akaze, na mwombe usimame pembeni uone anageuza kijinati kipi, maana mara ya tatu utakuwa mwenyewe Igawa na hakuna fundi.